Ulinzi wa Pamoja: Adui Nani, na Amani Gani?

Tarehe 29 Aprili 2025 msafara wa magari ya jeshi uliondoka Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukaingia Rwanda na kushika njia ya Rusumo, ambako ulivuka Mto Kagera na kuingia katika mkoa wetu. Huo ulikuwa msafara wa kwanza wa askari na zana za kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, kikitoka vitani. Mahali pa kukusanyika palikuwa Chato, mkoani Geita, kwa jirani zetu.

Kikosi hicho kilikwenda Kongo kuisaidia Serikali ya Kinshasa dhidi ya waasi wa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kadhaa katika taarifa zao kwamba waasi hao wanasaidiwa na jeshi la Rwanda, na Rwanda imekanusha, ikisema kwamba inachokifanya ni kujilinda tu. Hata hivyo kikosi kilirudi kwa kupita katika barabara za Rwanda, tena kwa ridhaa ya Rwanda, kwa sababu njia nyingine haikuwapo. Mji wa Goma ulikuwa mikononi mwa waasi tangu mwishoni mwa Januari, na uwanja wake wa ndege ulikuwa umefungwa.

Haifai kuwacheka askari wale. Walitumwa, wakaenda, na wenzao kadhaa hawakurudi wakiwa hai. Lakini ni haki yetu, na ni wajibu wetu pia, kuuliza jinsi mambo yalivyofikia hapo. Na sisi wakazi wa Karagwe na Kyerwa tunayo sababu ya pekee ya kuuliza. Mto uliovukwa na msafara ule pale Rusumo ndio huu unaoteremka kuelekea kaskazini, ukitutenga na Rwanda, hadi katika pembe ya Kyerwa ambako nchi tatu, yaani Tanzania, Rwanda na Uganda, zinakutana. Kisha unageuka kuelekea mashariki na kupita Murongo. Majirani zetu wakigombana, kelele zao tunazisikia kabla hazijafika Dodoma. Wakimbizi wanapokimbia, mlango wa kwanza wanaoubisha ni wetu.

FUNZO LA VITA VYA KAGERA

Mkoa huu unajua maana ya kushambuliwa, na unajua pia maana ya kusaidiwa na kutosaidiwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe na mali, na daraja la Kyaka likabomolewa. Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana.

Yafaa tukumbuke hali tuliyokuwa nayo siku zile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka mmoja tu kabla yake, 1977, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituma wasuluhishi, lakini haukumlaani mvamizi. Libya ilipeleka askari wake kumsaidia Amin. Upande wetu walikuja askari wa Msumbiji, nchi iliyokuwa na miaka mitatu tu tangu ijipatie uhuru na ambayo yenyewe ilikuwa ikishambuliwa na utawala wa Ian Smith. Wakaja pia Waganda waliokuwa uhamishoni, makundi yenye itikadi na viongozi tofauti, ambayo yalikusanyika Moshi mwezi Machi 1979 na kuunda chama kimoja cha ukombozi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Ushirikiano ule haukuwa na jengo la makao makuu, wala mkataba wa kurasa nyingi. Ulikuwa na kitu kimoja: kila aliyeshiriki alimjua adui, na hapakuwa na mshiriki aliyekuwa akimlisha adui huyo usiku na kumpiga mchana. Hilo lilitosha kuvipata vita vya ushindi.

Lakini tusiisimulie habari hiyo nusu. Adui alipokimbia, ushirikiano nao ulianza kuvunjika. Rais Yusuf Lule, aliyeapishwa mwezi Aprili, aliondolewa mwezi Juni wa mwaka huohuo. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Februari 1981 Yoweri Museveni, aliyepigana pamoja nasi, aliingia msituni kupigana na serikali ya Milton Obote, naye Obote alikuwa mshirika wetu vilevile. Askari wetu walilazimika kubaki Uganda hadi 1981, na gharama za vita zikatuachia miaka ya dhiki ambayo wazee wetu hawajaisahau: foleni za sukari, sabuni na mafuta ya taa.

Kwa hiyo funzo la Kagera ni la sehemu mbili. Majeshi yanayoshirikiana hayana budi kukubaliana adui ni nani. Tena hayana budi kukubaliana ni amani gani inayotakiwa baada ya adui huyo kushindwa. Kukubaliana juu ya la kwanza bila la pili ni kushinda vita na kupoteza nchi.

USHINDI WA 2013 NA KUSHINDWA KWA 2025

Tuyapime mambo ya Kongo kwa kipimo hicho. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098, lililounda kikosi maalumu cha kushambulia makundi ya waasi. Kikosi hicho kiliundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Amri ilikuwa moja, shabaha ilikuwa wazi, mizinga na helikopta zilikuwapo, na mataifa yaliyokuwa yakitoa misaada kwa Rwanda yalikuwa yameanza kuibana. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 walitangaza kwamba wameacha vita.

Sehemu ya kwanza ya funzo ilitimizwa. Sehemu ya pili haikutimizwa. Maafikiano yaliyotiwa saini Nairobi Desemba 2013, kuhusu wapiganaji wa M23 kurudi makwao na kupokonywa silaha, hayakutekelezwa ipasavyo. Operesheni iliyotarajiwa dhidi ya FDLR, kundi la Wahutu wa Rwanda ambalo Kigali inaliona kuwa ni hatari kwa maisha yake, ilikwama mwanzoni mwa 2015 kwa sababu ya mzozo kati ya Umoja wa Mataifa na Kinshasa juu ya majenerali waliochaguliwa kuiongoza. Kila upande ulibaki na kisingizio chake. Mwishoni mwa 2021 M23 walishika tena silaha.

Safari hii walikuja wenye kusaidia wengi kuliko kwanza, na wingi huo ukawa ndio udhaifu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Novemba ya mwaka huo kikosi cha Jumuiya kikaingia Goma, kikiongozwa na Kenya pamoja na askari wa Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Kinshasa ilitaka kikosi hicho kiwapige M23. Wakuu wa kikosi walielewa kwamba kazi yao ni kusimama katikati na kusimamia waasi waondoke katika maeneo waliyoyateka. Watu wawili waliosoma karatasi moja walitoka na maana mbili. Wananchi wa Goma waliandamana, mkuu wa kikosi akaondoka Aprili 2023, na Kongo ikakataa kuongeza muda baada ya Desemba 2023.

Kabla wa kwanza hawajamaliza kuondoka, SADC ikaingia. Nchi zilizotoa askari zilikuwa zilezile tatu za 2013. Lakini mambo mengine yote yalikuwa yamebadilika. Kikosi kilichokusudiwa kuwa na askari wapatao 5,000 hakikufikia idadi hiyo. Ndege za kukilinda hazikutosha. Fedha zilichelewa. Nao waasi walikuwa na silaha za kisasa, zikiwamo zana za kuzuia ndege, ambazo waasi wa kawaida hawanunui sokoni. Aprili 2024 askari watatu wa Tanzania waliuawa kwa kombora. Januari 2025, katika mapigano ya kuugombea mji wa Goma, Afrika Kusini ilipoteza askari 14, Malawi watatu, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likatangaza vifo vya askari wetu wawili. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa SADC waliamua kazi ikome.

MSHIKA MAWILI

Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Katika Afrika nchi mbili tu zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC kwa pamoja, nazo ni Tanzania na Kongo. Mkataba wa ulinzi wa SADC ulitiwa saini hapahapa nchini, Dar es Salaam, Agosti 2003, nao unasema kwamba shambulio la silaha dhidi ya nchi mwanachama ni tishio kwa amani ya eneo zima na litajibiwa kwa hatua ya pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina itifaki yake ya ushirikiano wa ulinzi, iliyotiwa saini mwaka 2012. Juu ya hayo, Kenya, Uganda na Rwanda ziliwekeana mkataba wao wa ulinzi Februari 2014, bila Tanzania wala Burundi.

Msomaji na ahesabu mwenyewe. Kwa mkataba mmoja Tanzania inawajibika kuisaidia Kongo. Kwa mwingine Tanzania ni ndugu wa Rwanda. Burundi imepeleka askari wake kupigana upande wa Serikali ya Kongo, na Januari 2024 iliufunga mpaka wake na Rwanda, ingawa zote mbili zimo katika Jumuiya moja yenye bendera moja na wimbo mmoja. Uganda iliingiza jeshi lake Kongo tangu Novemba 2021 kwa mapatano ya nchi mbili, kuwasaka waasi wa ADF. Mamluki wa Kiromania walikuwapo Goma pia. Mji ulipoanguka walijisalimisha na kurudishwa kwao kupitia Rwanda. Penye wapiganaji wa namna hiyo, kila mmoja akiwa na mkubwa wake wa kumpa amri, hata malaika hawezi kusema mstari wa mbele uko wapi.

Jambo hili si geni katika eneo letu. Mwaka 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia ziliingia Kongo kwa jina la SADC, wakati Afrika Kusini, iliyo mwanachama wa SADC, ilikuwa haikubaliani nazo. Upande wa pili Uganda na Rwanda ziliingia zikiwa marafiki, na Juni 2000 zikapigana zenyewe kwa zenyewe kwa siku sita katika mji wa Kisangani, ambao si wa mmoja wao. Waliokufa walikuwa wakazi wa Kisangani.

Hata mataifa makubwa hayakusalimika na maswali haya. Jumuiya ya NATO, iliyoanzishwa 1949 na ambayo tangu Machi 2024 ina wanachama 32, ilidumu miaka 40 ya kwanza kwa kuwa kila mwanachama alimjua anayemwogopa. Hofu hiyo ilipobadilika sura, mabishano juu ya nani alipe na nani amlinde nani yalianza, na hayajaisha. Tofauti ni kwamba wao wanabishana wakiwa na ghala zilizojaa. Sisi tunabishana askari wakiwa tayari kwenye mahandaki.

ADUI HAVAI SARE

Mwaka 1978 adui alikuja na vifaru, akavuka mpaka, na kila mtu akamwona. Siku hizi adui anaweza kuwa ndege ndogo isiyo na rubani, au uvumi unaopelekwa kwa simu, au gunia la madini. Aprili 2024 M23 waliiteka Rubaya, mahali panapochimbwa koltani inayotumika kutengenezea vifaa vya umeme, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba waasi wanakusanya hapo kiasi cha dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza kodi. Vita vya namna hiyo vinajilipia vyenyewe. Kikosi cha nchi marafiki kinachosubiri michango ya wanachama hakiwezi kushindana kwa muda mrefu na adui anayelipwa mshahara na mlima.

Sisi wa Kyerwa tunayaelewa haya bila kufundishwa. Ardhi yetu ina bati, na mashamba yetu yana kahawa. Tunajua jinsi bei ya ng'ambo ikipanda kidogo gunia linavyopata miguu na kuvuka mpaka usiku. Mpaka ambao kahawa inapita gizani ni mpaka ambao bunduki nayo inaweza kupita. Basi ulinzi unaanzia katika bei ya haki kwa mkulima na malipo yanayofika kwa wakati, kabla haujafika kwenye doria.

GHARAMA INAYOLIPWA MPAKANI

Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kwa muda usiozidi siku mbili. Wengi walikaa Ngara, lakini Karagwe nayo ilibeba kambi zake, hadi waliporudishwa Desemba 1996. Misitu iliyokatwa kwa kuni wakati ule haikuota yote. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1959, familia za Kinyarwanda zilikuwa zikiingia na kuishi nasi, na mwaka 1980 Serikali iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa nchini. Tumeoana, tumezikana, tumeazimana majembe.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mwezi Mei, Rais Kikwete alishauri kwamba Rwanda izungumze na FDLR, na Kigali ikakasirika. Miezi hiyohiyo askari wetu walikuwa wakipigana na M23 huko Kongo. Mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Serikali ilikuwa na haki ya kulinda sheria za uhamiaji, na ujambazi wa silaha katika njia zetu ulikuwa wa kweli. Lakini miongoni mwa walioguswa walikuwamo watu waliozaliwa hapa, na walalamikaji walisema kwamba baadhi yao walitenganishwa na watoto wao na mifugo yao. Huo ndio ushahidi kwamba serikali zikikosana, mwananchi wa mpakani ndiye anayeulizwa babu yake alizaliwa wapi.

Uganda na Rwanda zilipokosana, mpaka wao ulifungwa tangu Februari 2019 na kuanza kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Wachuuzi wa pande zote waliumia. Maneno haya yasemwe waziwazi katika vikao vya wakubwa: hakuna ugomvi wa marais usiokuwa na bei sokoni.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, kabla askari mmoja hajapanda gari, nchi zinazohusika ziandike kwa lugha isiyo na maana mbili: nani anapigwa, nani analindwa, kwa muda gani, na suluhu gani ya kisiasa inayotafutwa. Karatasi hiyo ijadiliwe na wawakilishi wa wananchi. Taifa lililozika watoto wake wapatao 14 baada ya shambulio la Semuliki la tarehe 7 Desemba 2017, lina haki ya kujua wanaofuata wanatumwa kufanya nini.

Pili, amri iwe moja. Mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, ulikuwa hatua njema ya kuunganisha njia mbili za usuluhishi kuwa moja. Ulifanyika Goma ikiwa imekwishaanguka. Meza hiyo ingekaliwa miaka miwili kabla, huenda majina mengine yasingeandikwa makaburini. Badala yake mapatano yaliyosikika duniani yalitiwa saini Washington, tarehe 27 Juni 2025 na tena tarehe 4 Desemba 2025. Hatuyakatai, amani haina nyumbani. Lakini aliyesuluhishiwa ugomvi na mgeni wa mbali asishangae mgeni akiomba ujira, na ujira wa Kongo unajulikana uko ardhini.

Tatu, tusitume tusichoweza kukilisha. Kikosi kidogo kisicho na ndege, dawa wala risasi za kutosha hakimtishi adui, kinampa mateka.

Nne, ushirikiano uanzie chini. Pale Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wa megawati 80 kutoka katika maporomoko ya mto wetu. Kati ya Murongo na Kikagati upo mtambo mwingine ambao umeme wake ni wa Tanzania na Uganda. Mitambo hiyo haikujengwa na watu wanaopendana kuliko wengine. Ilijengwa na watu waliokaa wakakubaliana kila mmoja atapata nini na atatoa nini, wakaandika, na wakaheshimu walichoandika. Vikao vya ujirani mwema kati ya wilaya zetu na wenzetu wa Isingiro, Nyagatare, Kayonza na Kirehe vifanywe kwa ratiba, si mpaka ng'ombe waibwe au mtu auawe. Mkuu wa wilaya anayemjua mwenzake wa ng'ambo kwa jina anaweza kuzima kwa simu moja moto ambao kesho ungehitaji kikosi kuuzima.

Tanzania haiwezi kujifungia ndani na kusema mambo ya Kongo hayatuhusu. Jiografia haitupi nafasi hiyo. Tulisaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika, tulijikomboa wenyewe hapa Kagera, na hatuna sababu ya kuionea haya historia hiyo. Tunachotaka ni kwamba kijana wa Karagwe au wa Kyerwa atakapoitwa tena kwenda kulinda amani ya jirani, aambiwe adui ni nani na amani gani anakwenda kuileta. Akiambiwa hivyo, atakwenda, kama waliotangulia walivyokwenda. Na siku ya kurudi, avuke mto huu kwa njia aliyoichagua mwenyewe.